Mkunga wa Karatasi Mbichi

Uongozi wa kiwanda unapenda kuwakumbusha wafanyakazi wote kwamba karatasi haikatiki yenyewe. Karatasi hukatwa. Hukatwa na mtu aliyezembea, au aliyesinzia, au ambaye mikono yake haifai tena kwa kazi aliyopewa. Mtu huyo atatafutwa, atapatikana, na atahamishiwa ghalani, ambako hakuna cha kukata.

Ndivyo lilivyosema tangazo. Lilichapwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi nzuri ya kiwanda chenyewe, likabanwa kwa pini mbili kwenye ubao uliopigiliwa nguzoni, kando ya roli za kukamua. Hapo ndipo penye mvuke mwingi kuliko pote kiwandani, lakini ndipo pia wahusika wanaposhinda, na uongozi ulitaka wahusika wasome. Wakasoma. Mmoja wao alisoma mara mbili, polepole, mkono wake wa kulia ukiwa mfukoni.

Huyo ndiye waliyekuwa wakimwita Mkunga. Jina alipewa na akina mama wa chumba cha kuchambulia, zamani, alipokuwa kijana mwenye masharubu mapya na aibu nyingi. Walimwona siku moja amesimama mbele ya mashine, viganja wazi, akipokea kitu kibichi, cheupe, kinachochuruzika maji, na mmoja wao akapiga kelele, "Jamani, mtoto gani huyo?" Tangu hapo hata meneja wa mishahara alikuwa akijiuliza kidogo kabla ya kukumbuka jina lake halisi.

Na kwa kweli kazi yenyewe ilikuwa ya ukunga. Karatasi inapozaliwa ni uji tu. Uji huo wa nyuzi humwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yakachujika, na kinachobaki kikalazwa juu ya blanketi zito na kupitishwa kwenye roli za kukamua. Mpaka hapo kimebebwa, kama bwana harusi. Lakini mbele kuna pengo, la hatua moja ndefu ya mtu mzima, kati ya roli ya mwisho ya kukamua na pipa la kwanza la moto, na katika pengo hilo hakuna cha kuibeba karatasi. Inavuka hewani, peke yake, zaidi ya nusu yake ikiwa bado ni maji, na inavutwa na mashine ambayo haina muda wa kumsubiri mtu. Ikivuka, imepona, mapipa ya moto yataikausha na baada ya hapo unaweza kuivuta utakavyo. Ikikatika, ni kazi ya mkunga. Ukanda mwembamba hukatwa pembeni, wao wanauita mkia, naye anaudaka kwa viganja na kuurusha kati ya kamba mbili zinazokimbia kuingia kwenye moto. Ukishikwa, mkia unapanuliwa mpaka unakuwa karatasi kamili. Usiposhikwa, unajikusanya miguuni kama nguo za mtu mlevi, na unaanza upya.

Mkunga aliufanya mrusho huo maisha yake yote ya utu uzima. Hakuwa na kingine cha kujivunia. Nyumba ilikuwa ya kupanga, watoto walikuwa wamekua na kuondoka wakiwa na akili za mama yao, na bustani aliyokuwa akisema atailima ilikuwa bado haijalimwa. Lakini wageni wa kiwanda walipoletwa kutembezwa, waliletwa kumwangalia yeye. Alikuwa akirusha huku akitazama kwingine. Hayo yalikuwa maringo, na aliyajua.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno machache na macho mabovu. Kwa miaka mingi Mkunga ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano kila jioni kabla ya chakula. Hawakuwa watu wa kuambiana mapenzi; walikuwa na sindano. Jioni moja uzi ukakataa. Mkunga alilamba ncha, akafumba jicho moja, akajaribu. Mkono wa kulia ukatetemeka kama wa mtu aliyeitwa mahakamani. Akajaribu tena. Kisha akasema taa ya siku hizi ni mbovu.

"Ni kweli," mkewe akasema, "mbovu sana."

Siku ya pili alipotoka kazini, alikuta sindano zote kwenye kimto cha pini zimekwisha tungwa uzi, moja nyeusi, moja nyeupe, moja ya kijani, zimepangwa kama askari. Nani aliyezitunga, hakuuliza. Mkewe naye hakumweleza. Walikula, na chakula kilikuwa kitamu.

Sasa basi, katika hali hiyo, ndipo lilipotokea tangazo. Halikutokea bure. Kwa wiki kadhaa karatasi ilikuwa imeanza kukatika kuliko kawaida, na Mkunga, aliyekuwa akihesabu kila mkatiko kama deni lake, hakuwa na shaka hata chembe kwamba ni mkono wake. Karatasi ilikatika hata akiwa amesimama mbali? Basi ni kwa sababu mrusho wa mwanzo ulikuwa mbaya. Ilikatika akiwa msalani? Basi mrusho wa kabla ya hapo. Mtu akiamua kujihukumu, ushahidi haukosekani.

Ghalani kulikuwa kukavu, kimya, na kulikuwa na kiti. Wengine wangeenda huku wakiimba. Kwa Mkunga ilikuwa sawa na kuambiwa akajilaze na kusubiri.

Akaamua kuificha mikatiko. Aliyekuwa karibu naye zaidi mashineni alikuwa mdogo wa mkewe, jitu refu lenye kicheko cha tarumbeta, ambaye kiwanda kizima kilimwita Shemeji, pamoja na watu ambao hakuwa shemeji yao kwa namna yoyote. Mkunga alimpa huyo amri mpya.

"Karatasi ikikatika, sitaki kuona kipande sakafuni. Kila kitu shimoni. Upesi."

Shimo lilikuwa chini ya mashine, lenye mapanga yanayosaga mabaki na kuyarudisha yawe uji. Lilikuwepo siku zote. Lakini siku zote mabaki yaliingizwa kidogo kidogo, na yale makavu, yaliyotoka kwenye moto, yalifungwa marobota na kusubiri nje.

"Na makavu pia?" Shemeji akauliza.

"Makavu pia. Yakikaa nje si kila mpita njia atayaona?"

"Shemeji, wewe una wageni nyumbani au vipi? Mbona unafagia hivi?"

"Fanya kazi."

Meneja wa kiwanda alipopita, akakuta sakafu inang'aa. Meneja alikuwa mtu mnene mwenye viatu vya thamani, na hakuna alichokichukia kama karatasi iliyolowa kumshika kisigino. Akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatangaza mbele ya wote kwamba usafi wa zamu hii ni wa kuigwa. Zamu nyingine zikaiga. Ndani ya siku chache kiwanda kizima kilikuwa kikisukuma kila kilichokatika shimoni kabla hakijapoa, na karatasi ikakatika zaidi, kukawa na mabaki mengi zaidi ya kusukuma, na sakafu ikazidi kung'aa.

Mhandisi alikuja na dawa yake. Alikuwa binti mdogo, kofia ngumu nyeupe imemzidi kichwa, na alikuwa na sifa moja isiyo ya kawaida katika jengo la utawala: alikuwa akishuka. Alisimama mbele ya pengo saa nzima akiitazama karatasi mbichi inavyovuka. Ilikuwa ikining'inia kidogo katikati, wao wanaita tumbo.

"Baba, tumbo hili ni kubwa," akasema. "Inapepesuka. Tuivute kidogo ikae sawa."

"Ikivutwa ikiwa mbichi itakatika, binti yangu. Ina haki ya kuwa na tumbo."

Wakaivuta, ikakatika. Mkunga akajiona mshindi; akaomba tumbo liongezwe kuliko mwanzo. Likaongezwa. Karatasi ikakunjamana, ikapiga mkunjo mmoja mrefu, ikakatika. Mhandisi hakucheka. Walisimama pamoja, mabega yameanguka, kama wazazi wawili walioitwa shuleni.

Kisha ikaja siku ya shati.

Ilikuwa mchana, baada tu ya chai. Karatasi ilikatika, mkia ukakatwa, Mkunga akaweka viganja. Akarusha, naye akahisi mkono umemsaliti. Mkia ulikwenda chini ya kamba. Lakini kutoka kwapani mwake ukachomoza mkono mwingine, mrefu, ukaudaka mkia hewani na kuupeleka mahali pake, na mkia ukashikwa. Pamoja nao ikashikwa ncha ya mkono wa shati la Shemeji. Kamba ikavuta. Kifungo kiliruka, kitambaa kikachanika kutoka kiwikoni mpaka begani kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia juu ya mashine, na Shemeji akaanguka kinyumenyume, mkono wake haukuumia, kipande cha shati kikielekea kwenye moto pamoja na karatasi.

Alikaa sakafuni akitazama bega lake tupu.

"Aa," akasema, "na ndilo lililokuwa safi."

Hakuna aliyecheka. Mkunga alimwinamia.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Tangu lini unanirushia?"

Shemeji akajifuta paji la uso. "Mimi? Mimi huwa napita tu hapo nyuma. Mkono wangu mrefu, si kosa langu."

"Tangu lini, nimekuuliza."

"Tangu zile sindano," Shemeji akasema hatimaye, akitazama kando. "Dada alinipigia simu, akaniambia nisimame karibu. Mimi kwa dada yangu nitasema nini? Unamjua."

Mkunga akawageukia wenzake, nao wakatazama viatu vyao. Basi wote walijua. Zamu nzima ilijua. Wale aliodhani wanazembea kwa kusimama mahali pasipo pao walikuwa wamesimama mahali pake. Mkunga alitaka kukasirika na akashindwa kupata wa kumkasirikia.

Jioni ile Shemeji alikuja na shati lake mkononi. Fundi cherehani alilitandaza juu ya meza, akapapasa ule mpasuko kwa vidole mpaka begani. Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote:

"Limechanika lenyewe?"

"Hakuna kinachochanika chenyewe," Mkunga akajibu. "Imetangazwa."

"Nimemwambia mdogo wangu asimame karibu. Sikumwambia aingie." Alichukua sindano yenye uzi mweupe. "Wewe unaipenda hiyo mashine. Sawa. Mimi nina mdogo mmoja tu."

Alisema hivyo tu, akaanza kushona. Shemeji akasema mambo mengi ya kuchekesha kuhusu mashati, na hakuna lililochekesha. Kabla hajalala, Mkunga alikuwa amekwisha jua atakwenda kusema nini na kwa nani. Kilichobaki kilikuwa kukisema.

Asubuhi hakupata nafasi, kwa sababu injini ya shimo ilikuwa imeungua. Mapanga yalikuwa yamelishwa kwa pupa kwa wiki kadhaa, na sasa yalikuwa yamesimama, mdomo umejaa. Mabaki ya zamu iliyopita yalikuwa sakafuni, kilima kizima, kimelowa chini na kikavu juu, kimeziba njia mpaka kwenye nguzo yenye tangazo. Fundi umeme alisema injini haitapona kabla ya jioni. Mkunga alikitazama kilima kile kama mtu anayeona nguo zake za ndani zimeanikwa barazani.

Wakawasha mashine hivyo hivyo, kwa uji mpya mtupu, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Shemeji alirusha mkia. Mkunga alimwachia mahali, mikono nyuma. Ukashikwa mara ya kwanza. Wakasubiri ukatike.

Haukukatika. Chai ikanywewa, ikaisha, vikombe vikaoshwa. Karatasi mbichi ilivuka pengo na tumbo lake la kawaida, bila haraka, kama mtu anayekwenda kwake. Watu walianza kuongea kwa kunong'ona. Mmoja alitaka kupiga mluzi, akazuiwa.

"Ni mrusho wangu huo," Shemeji akasema. "Mnaona mkono wa kijana?"

"Karatasi uliyoirusha imeshafika mjini, mpumbavu wewe. Hii ni nyingine."

Ilikuwa ni Mkunga aliyesema hivyo, na aliposema, akageuka kulitazama pengo. Maana ilikuwa kweli. Karatasi inayovuka sasa hivi haikuguswa na mkono wa mtu yeyote, mzuri wala mbovu. Na ile iliyokuwa ikikatika wiki zote hizo, katikati ya mchana, muda mrefu baada ya mrusho, nayo haikuguswa.

Mhandisi alishuka karibu anakimbia, kofia mkononi.

"Mmebadilisha nini?"

"Hatujabadilisha kitu," wakajibu kwa pamoja, kama wanafunzi.

Akatazama huku na huku, akakiona kilima. Mtu asingeweza kutokukiona. "Haya yote ni ya nini?"

"Ni ya shimoni," Mkunga akasema. "Shimo limekufa."

"Siku zote huwa mnaingiza yote haya? Na makavu?"

Hapo ndipo alipopata nafasi, ingawa si ile aliyoiandaa usingizini. Angeweza kusema "zamu zote", na isingekuwa uongo.

"Nilianza mimi. Ni amri yangu, wenzangu waliiga. Sikutaka sakafu ionyeshe tunakata mara ngapi. Nilikuwa nauficha mkono."

"Mkono gani?"

Wiki zote hizo, mfukoni, nyuma ya mgongo, chini ya kikombe, na aliyekuwa akimficha zaidi hakuwa ameona kitu. Mkunga akautoa. Ukatetemeka mbele ya kofia nyeupe, kwa utulivu, kana kwamba umesubiri sana kutambulishwa.

"Pole, baba," Mhandisi akasema. "Lakini sidhani kama ni huo." Akaokota kipande kikavu kutoka kilimani, akakirarua, akatazama ukingo wake. "Unyuzi uliokwisha kaushwa mara moja ukirudi majini unalowa, lakini haulainiki kama mwanzo. Haushikani vizuri na wenzake. Ukichanganya kidogo, hakuna neno. Ukijaza hivi..." Akaonyesha pengo. "Karatasi ikishakauka huwezi kuitambua. Inakatika pale pale tu, ikiwa mbichi. Na mimi, niliyekuwa nikipima karatasi kavu kila siku kule juu na kuona kila kitu ni kizuri, nikasema tatizo ni tumbo."

"Hata mimi nilisema ni tumbo," Mkunga akasema. "La upande wa pili."

Meneja aliwakuta hivyo. Alikuja kwa ajili ya sakafu. Alisimama mbele ya kilima, uso umemvimba, akauliza ni nani aliyegeuza kiwanda kuwa jalala. Mhandisi akamweleza kwamba karatasi haijakatika tangu asubuhi. Meneja akasema hakuuliza kuhusu mashine. Ikachukua muda. Mkunga alirudia maungamo yake mbele yake neno kwa neno, pamoja na mkono, na Meneja akafanya alichokuwa amekiahidi tangazoni: alimwondoa kwenye pengo siku hiyo hiyo. Ila hakumpeleka ghalani. Mhandisi alikuwa amekwisha sema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo lililopitishwa zamani, kwamba shimo linahitaji mtu wa kulilisha kwa kiasi, mwenye subira na asiye na haraka ya kusifiwa, na Meneja hakuwa na jina jingine kichwani.

Hivyo Mkunga akashuka orofa moja. Kule chini ni pa joto, pana mwanga mdogo, na hakuna mgeni anayeletwa kutembezwa. Anapima mabaki kwa koleo, machache machache, makavu yakisubiri zamu yao kwenye marobota. Koleo halijali mtetemo. Juu ya kichwa chake mashine inakimbia, naye anaijua kwa sauti: inapokatika kuna pumzi moja inayokosekana, na kabla kengele haijalia yeye ameshainua macho. Siku za kwanza alikuwa akiinuka na kwenda mpaka kwenye ngazi. Siku hizi anainua macho tu. Nyumbani, mkewe amempa kazi ya kushika kitambaa kisiteleze wakati wa kukata, kazi inayohitaji uzito kuliko wepesi, na shati la Shemeji limerudi kazini na mkono wa rangi nyingine.

Juu ya nguzo, kando ya mdomo wa shimo, tangazo liliachwa. Hakuna aliyeagiza liondolewe, na uongozi haukuona sababu ya kubadili maneno.

Asubuhi moja, mashine ikiwa inakwenda vizuri na zamu nzima imekaa benchi upande wa pili ikinywa chai, kitu kimoja kilishuka peke yake kupitia mdomo wa shimo na kutua kwenye rundo la Mkunga. Kilikuwa kizito kwa maji, kama kitambaa cha kupigia deki. Alikiokota kwa mikono miwili, akakitandaza juu ya goti. Juu kilikuwa na matundu mawili ya pini, yote mawili yamepasuka mpaka ukingoni. Herufi zilikuwa zimevimba, lakini zilisomeka: karatasi haikatiki yenyewe.

"Limefika?" Shemeji akapiga kelele kutoka juu.

"Limefika. Nani kalichana?"

"Nani aende kule, chai ipo huku? Limelowa, likalemewa, likaja."

Mkunga alilisoma mara moja. Kisha akalikunja, akaliweka upande wa mabichi.

Meneja alifanya uchunguzi kwa siku mbili na hakumpata mtu. Nakala mpya imetundikwa ofisini kwake, ambako ni pakavu.